Kasha la Pauline

Zilikuwa herufi mbili tu, ndogo, chini kabisa ya barua upande wa kushoto, na Kalekye hangeziona kama Mwalimu Bartholomew hangeirudisha dukani.

"Sasa, mama," mzee alisema, akiiweka karatasi juu ya kaunta kwa ncha za vidole viwili. "Hii barua nani alipiga?"

"Ni mimi, Mwalimu. Jana saa nne. Iko na makosa?"

"Makosa haiko. Angalia hapo chini."

Kila barua iliyotoka katika duka lile, nyuma ya soko la Marikiti mjini Machakos, ilibeba alama mwishoni: herufi za mwenye barua kwa kubwa, mkwaju, halafu herufi za aliyepiga chapa kwa ndogo. Ndivyo makarani walivyofundishwa chuoni, na Kalekye Nzioka hakuwahi kusahau. Barua ya Bartholomew Mutuku, katibu wa kamati ya kanisa kule Muthetheni, ilipaswa kuishia na BM/kn.

Karatasi ilisema BM/pw.

"Mimi nilikuwa kwa mazishi ya Pauline Wayua," mzee alisema kwa sauti ya chini. Kisha akajaribu kucheka. "Ama siku hizi huko chini wamewekewa stima?"

Kalekye hakucheka. Alifungua barua ile kwenye skrini. Skrini ilisema kn. Akachapisha upya, akaisubiri karatasi itoke yote, akaigeuza. pw. Akafuta mstari mzima, akauandika tena herufi kwa herufi, akachapisha mara ya tatu. pw. Mwishowe akachukua rangi nyeupe ya kufutia makosa, akazifunika herufi zile kwa mkono, akaandika zake kwa kalamu. Mwalimu aliichukua barua, akaikunja kabla rangi haijakauka, na kutoka bila kuaga.

Kalekye hakuwa mtu wa kuogopa wafu. Aliyemsumbua ni Pauline aliye hai midomoni mwa watu. Kalekye alikuwa ameolewa na Erastus Ndunda mwaka wa 2001, mwaka mmoja na nusu baada ya mke wake wa kwanza kuzikwa, na mpaka sasa, mwaka wa 2003, wateja walikuwa bado wakielekezana "kwa Pauline". Erastus alimtilia chai sukari vijiko viwili bila kuuliza, ilhali yeye alitumia kimoja. Vijiko viwili vilikuwa vya nani, hakuhitaji kuambiwa. Mama mkwe wake, Mumbua, alikuwa amemwita kwa jina la Pauline mara tano. Kalekye alijua ni mara tano, na alijua kila mara walikuwa wakila nini.

Na palikuwa na lile kasha.

Lilikuwa kasha la kompyuta ya zamani, la chuma kizito, la kulala chali kama sanduku la safari, skrini ikakaa juu yake. Rangi yake ya maziwa ilikuwa imegeuka manjano. Pauline alilinunua mnada wa ofisi moja Nairobi mwaka wa 1992, akapigia chapa juu yake barua za nusu ya wilaya, mpaka kifua kilipomshinda. Mashine yenyewe ilikuwa imekufa siku nyingi, lakini Erastus, ambaye alikuwa fundi, hakukubali litupwe.

"Chuma kama hii haitengenezwi tena," alikuwa amesema mwezi uliopita, akiligonga kwa kifundo cha kidole. "Siku hizi sipiyu ni bati ya kuoka keki. Mimi nitaweka bodi mpya ndani, Pentium 4, diski mpya, kila kitu. Nje mzee, ndani kijana. Utapenda."

"Ukitaka kuiweka, toa kila kitu yake," Kalekye alijibu. "Kila kitu, Erastus. Nisipate hata skrubu yake."

"Hata skrubu unaionea wivu?"

"Hata skrubu."

Alicheka, lakini alitoa. Ni Mumbua ambaye hakucheka. Siku ile alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja akichambua pojo kwenye ungo, na hakuinua macho.

"Mwanangu, kwetu kitu cha marehemu hakiachwi tupu. Ukimwaga kibuyu chake, unatia punje za mtama siku hiyo hiyo, na unamwambia mwenyewe, nimebadilisha. Hiyo mashine ukitoa matumbo asubuhi, jioni iwe na ingine."

"Mwaitu," Kalekye alisema, kwa lile jina la heshima ambalo kila mke wa Kikamba humwita mama mkwe, "hii ni kompyuta. Si kibuyu."

"Kwani haina ndani? Kitu yoyote iko na ndani, kuna mwenye anatafuta kuingia."

Bodi mpya ilikuwa tayari mezani. Ingeweza kuingia siku ile ile, Ijumaa. Lakini Kalekye alilichukua kasha tupu, akalisugua kwa sabuni ya unga na brashi ya viatu, akalipandisha juu ya paa la saruji na kuliacha huko, mdomo wazi. Alimwambia Erastus linakauka. Ukweli ni kwamba alitaka jua la Machakos limchome Pauline mpaka alitoke kasha, na kwa kuwa onyo lilitoka kwa mama mkwe, na lilimhusu Pauline, alifurahi kulivunja. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili.

Jumatatu alilifuata saa saba mchana. Paa lilikuwa linaunguza nyayo kupitia sapatu. Alizungushia kanga mikononi kabla ya kulishika, kwa maana chuma kilichopigwa na jua siku tatu hubabua. Lilikuwa baridi. Baridi ya kitu kilichotoka kisimani. Na alipolinyanyua, aliona limeongezeka uzito, si sana, labda kilo mbili, kama kikapu kinavyoongezeka mtu akikutilia kitu nyuma yako.

Hakumwambia mtu. Angesema nini?

Erastus alifanya kazi siku mbili. Matundu ya bodi mpya hayakulingana na ya kasha la kale, akatoboa mengine kwa drili. Akakata mgongo wake kwa msumeno wa chuma ili nyaya zipate pa kuingilia, akalainisha kingo kwa tupa. Ubavuni palikuwa na swichi kubwa nyekundu, ya kushuka na kupanda kwa kishindo. Bodi mpya haikuihitaji, kwa kuwa huwashwa kwa kitufe kidogo cha mbele. Erastus alizikata nyaya zake zote nne mbele ya Kalekye, akamwonyesha ncha zake, akaiacha swichi mahali pake kama pambo tu.

Baada ya barua ya Mwalimu, iliyokuwa imepigwa kwenye kasha lile, Kalekye alianza kusikiliza.

Saa mbili kamili asubuhi, kabla hajagusa chochote, swichi nyekundu ilishuka. Klak. Skrini ikawaka.

Alidhani ni macho yake. Kesho yake alisimama karibu, mkono mmoja kwenye saa yake, na kwa dakika ile ile, klak, na akaona kwa macho yake swichi isiyounganishwa na kitu ikishuka kama imesukumwa na kidole gumba.

"Pauline alikuwa anafungua saa ngapi?" alimwuliza Erastus.

"Saa mbili. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Mbili kamili. Ungeweza kuseti saa naye." Na alitabasamu, tabasamu lile ambalo Kalekye alilijua, ambalo halikuwa lake, na hofu yake ikageuka kuwa nyongo.

Kisha ikaja sauti. Feni mpya ya kasha, ambayo ilitoka kwenye pakiti yake wiki tatu nyuma, ilianza kukwama: mara mbili kavu, halafu mkwaruzo mrefu, halafu kuzunguka kama kawaida. Kalekye aliihesabu asubuhi nzima na haikukosea mpangilio. Ilikuwa ni mteja, mama wa mboga aliyeleta cheti cha mtoto kupigwa chapa, aliyeinua kichwa na kusema, "Ai, mbona inakohoa kama mwenyewe?" kisha akashika mdomo. Kohokoho mbili na kusafisha koo: ndivyo Pauline alivyofanya kabla ya kuanza kila ukurasa. Na kutoka kwenye matundu ya nyuma, pale penye hewa ya moto, ilitoka harufu ya peremende za mnanaa, zile ngumu za kunyonya kwa kifua, na chini yake, kama kitu kilichofichwa, harufu ya matandiko ya mgonjwa.

Alhamisi ya wiki iliyofuata stima ilipotea saa tisa alasiri. Mtaa mzima ulinyamaza. Kinyozi wa jirani alitukana, redio ya hoteli ilikatika katikati ya wimbo, na wateja wawili wakainuka wakaenda zao. Kalekye alibaki ameinama chini ya meza akichomoa plagi, kama alivyozoea, ili stima ikirudi kwa nguvu isiunguze bodi, na alikuwa tayari ameishika plagi mkononi, imechomolewa, meno yake matatu ya shaba yakimtazama, alipotambua kwamba juu ya kichwa chake feni ilikuwa bado inazunguka, na kwamba mwanga wa skrini ulikuwa bado unaanguka juu ya kiti chake, na kwamba katika mwanga ule vitufe vya kibodi vilikuwa vinashuka na kupanda kimoja baada ya kingine bila haraka, kwa vidole vyote kumi, kwa ustadi wa mtu aliyejifunza kwa taipureta, na alipoinua macho polepole, akiwa bado amepiga magoti kwenye vumbi na plagi ikiwa imemlowa jasho kiganjani, aliona sentensi moja ikijirudia mstari kwa mstari mpaka chini ya ukurasa, imenyooka, bila kosa hata moja:

Toka kwa kiti changu.

Alitoka. Alikaa nje juu ya ngazi mpaka Erastus aliporudi kutoka kwa mteja wa Lukenya. Erastus aliingia peke yake. Kalekye alimngoja apige kelele. Hakupiga. Baada ya muda alimsikia akicheka, kicheko cha chini, cha watu wawili.

Tangu siku hiyo hakumwona tena saa ya chakula cha mchana. Alisema ana kazi. Kalekye alimkuta mara tatu amesogeza kiti mpaka magoti yake yameligusa kasha, kiganja kimelala juu ya chuma, akinong'ona. Na kila alipoingia skrini ilizimika kama mtu anayefunga dirisha. Watu wa kanisa walikuja wakaomba, wakaimba, wakaondoka, na feni ikakohoa "amina" yake nyuma yao. Kalekye alitaka kulitoa kasha nje kwa nguvu. Erastus alimshika mkono, si kwa ukali, na hilo ndilo lililomuumiza.

"Muache," alisema. "Amechoka."

"Nani amechoka, Erastus? Nani?"

Alikohoa. Mara mbili, kavu. Kisha akasafisha koo.

Ndani ya siku kumi mkanda wake ulihitaji tundu jipya. Hospitalini walimpiga picha ya kifua, wakapima makohozi, wakasema kifua ni safi, arudi baada ya wiki mbili. Siku iliyofuata Kalekye alikuta leso yake kwenye karai la nguo chafu, na katikati yake doa jekundu. Mara hii hakuwaza tena nani anapendwa zaidi. Aliona tu kwamba mume wake anakufa kifo cha Pauline, hatua kwa hatua, kwa kufuata karatasi ile ile.

Alikwenda kwa Mumbua, akapiga magoti, akamweleza juu ya paa. Siku tatu. Mdomo wazi.

Mumbua alimsikiliza mpaka mwisho. "Ulifanya kusudi?"

"Nilifanya kusudi, Mwaitu."

"Basi tumwite Ndinda, mganga."

Ndinda alifika Jumamosi saa nne asubuhi kutoka Ekalakala, kapu lenye kuku wawili wa kuuza mkononi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye viatu vya plastiki na sweta la shule la mwanawe. Alifunga mlango, akamtazama Erastus aliyekuwa amejiinamia kitini, akalizunguka kasha mara moja, akainusa ile hewa ya nyuma.

"Mmemkata mgongo," alisema. "Aki nyinyi watu wa mjini."

Kutoka chini ya kuku alitoa kibuyu kidogo cha kupigia bao. Akakitikisa, akamwaga mbegu zake juu ya kifuniko cha kasha, akazipanga kwa kidole, mbili mbili. Akamwaga tena. Feni ilikohoa. Ndinda akalipiga kasha kofi, kama mtu anayemnyamazisha mtoto.

"Nyamaza, wewe si mgonjwa." Akamgeukia Kalekye. "Hapa hakuna Pauline."

Kalekye hakuelewa. "Lakini anaandika. Anakohoa. Saa mbili kamili—"

"Pauline alikufa akazikwa vizuri, nani hakumlilia? Yeye hana haja na kiti. Huyu ni jini tu, wa njia, hana hata jina. Alipata nyumba wazi siku tatu, akaingia. Sasa jini akiingia anavaa nguo yenye anapata. Wewe ukifagia ulikuwa unasema nani? Ukipika? Ukilala?"

Kalekye aliondoa macho kwake, akayaweka kwenye swichi nyekundu.

"Pauline, Pauline, Pauline," Ndinda alisema. "Ulimfundisha wewe. Kukohoa, harufu, saa mbili. Yeye anakula wivu yako kama kumbikumbi, na akishiba anamkula bwana."

Mumbua alianza kulia kimya kimya pembeni.

"Unaweza kumtoa?" Kalekye aliuliza.

"Mimi namwonyesha mlango tu. Atatoka aingie hapa kwa kibuyu, nikamtupe huko Masinga kwa maji. Lakini wivu yako ndiyo amesimama juu yake. Lazima uiondoe. Utaweka mkono hapa, useme, Pauline, ulikuwa wa kwanza, sina kitu na wewe. Useme kutoka kwa tumbo. Ukisema na mdomo pekee, hataingia kwa kibuyu. Atafuata huo uongo mahali umetoka."

Kalekye aliweka kiganja juu ya chuma. Baridi ilimpanda mpaka begani. Alifumba macho akamtafuta Pauline kwa wema, kwa kweli alimtafuta: mwanamke mgonjwa, mwenye bidii, aliyenunua mashine mnadani na kulea duka peke yake. Alimwona. Kwa mara ya kwanza alimwona kama mtu, mikono myembamba, kikombe cha chai cha vijiko viwili, na kitu ndani ya kifua chake kilianza kulegea kama fundo lililoloweshwa.

Ndipo Erastus, bila kuinua kichwa, akaanza kulia. "Usiende," alisema. "Wayua, usiende tena."

Wayua. Jina la nyumbani, la Kikamba, ambalo hakuwahi kulitamka mbele yake. Fundo likakaza.

"Sema, mama," Ndinda alinong'ona. "Anamaliza pumzi."

Midomo ya Erastus ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Hapakuwa na muda wa kulegeza fundo tena.

"Pauline, ulikuwa wa kwanza," Kalekye alisema, kwa sauti safi, iliyonyooka, sauti ya kusoma tangazo. "Sina kitu na wewe."

Swichi nyekundu ilipanda. Klak. Feni ilizunguka mara tatu, mbili, moja, ikasimama, na skrini ikawa nyeusi. Erastus alivuta hewa kama mtu aliyeibuliwa kutoka majini, akakaa wima, akatazama huku na huku, akauliza kwa nini mlango umefungwa mchana. Kifuani mwake hamkuwa na mkwaruzo hata mmoja. Kalekye aligusa kasha: lilikuwa na joto la chuma cha kawaida. Mumbua alipiga kigelegele.

Ndinda hakupiga. Alikuwa ameziba kibuyu kwa kiganja na anakipima mkononi, juu, chini.

"Nyepesi," alisema. Akamtazama Kalekye. "Ulisema kweli?"

"Nilisema kweli."

Ndinda aliwakusanya kuku wake. Mumbua alimpa chai, akaikataa. Akampa kitenge, akakikataa. Mlangoni aligeuka kana kwamba atasema jambo, akamwangalia Erastus akicheka na mama yake, akabadili nia, akaenda.

Siku iliyofuata, baada ya kanisa, Kalekye alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharage. Erastus alikula sahani mbili, akaomba ya tatu. Jikoni palikuwa na mwanga mwingi; jua liliingia kwa dirisha likalala juu ya meza, juu ya sukuma wiki aliyokuwa akiikata. Alisikia jinsi alivyo na furaha. Mume wake alikuwa hai, alikuwa nyumbani, na hakuna aliyelitaja jina lolote.

Erastus aliweka sahani chini, akaja nyuma yake, akamgusa shavu kwa upande wa kidole.

"Kalekye wangu," alisema.

Alitabasamu, na hapo hapo akauhisi ukipanda kutoka tumboni, mchungu, mkali, ule ule. Aliufahamu mara moja. Alikuwa ameishi nao miaka miwili. Akashangaa, akautafuta unamwendea nani, kwa maana alipomfikiria Pauline hakuhisi chochote, hakuhisi hata baridi. Haukuwa unamwendea Pauline. Ulikuwa unaliendea lile shavu, shavu lake mwenyewe. Kwa nini analigusa polepole hivyo? Kwa nini analitamka jina lile kwa sauti ile, jina la huyu mwanamke wa pili, aliyeingia na mguu wake katika nyumba ya watu, akaketi katika kiti cha watu, akapika katika sufuria zisizo zake?

Mkono wa kulia ulikuwa bado umeshika kisu. Aliutazama ukigeuza makali kutoka kwenye sukuma, taratibu, kuyaelekeza juu. Na akangoja, kwa hamu, kuona utamfanya nini yule mwanamke.